Herufi Tano Juu ya Mlango Mfupi

Siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya neno moja la herufi tano. Si la mtihani, maana mitihani nimemaliza, na shahada yangu imo ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro isije ikalowa. Ni neno lililochongwa kwenye jiwe juu ya mlango wa nyumba niliyokulia, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Muheza. Nyumba hiyo sasa imekarabatiwa, imekuwa nyumba ya wageni, na mimi nilipewa kazi ya kuandika historia yake: mistari kumi tu, ya kuchorwa kwenye kibao na kushikizwa kando ya mlango. Mistari tisa niliimaliza asubuhi moja. Wa kumi, ule unaohusu jiwe, ndio ulionitesa. Nikiuandika kama mwenye nyumba alivyotaka, namdhulumu bibi mmoja aliyenilea. Nikiuandika kama nilivyokuja kujua, namuumbua baba yake bibi huyo huyo, na huenda nikapoteza kazi ya kwanza niliyoipata tangu nitoke chuo kikuu. Na mimi ni mtu wa kuwaza nusu saa nivae viatu au kandambili nikienda sokoni, sembuse hilo.

Najua umri wangu hauniruhusu kusema "enzi zetu". Lakini nchi hii imegeuka haraka mno. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, tumepishana miaka michache, na ukitusikiliza tukizungumza utadhani mimi nilizaliwa karne nyingine. Yeye amekuta soda za kila rangi, mitumba ya kuchagua, televisheni kwa jirani. Nikimwambia kwamba zamani jiwe lilikuwa linasimama foleni badala ya mtu, hunitazama kama ninayemtungia hadithi ya sungura. Basi haya nawaandikia ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami, mnaojua kwamba sitanii.

Enzi zetu jiwe lilisimama foleni. Zikija habari kwamba duka la ushirika limepata sukari, mama aliwahi alfajiri, akaweka jiwe lake kwenye mstari, akarudi kutupikia uji. Kila mama wa shamba alikuwa na jiwe linalojulikana. La mama yangu lilikuwa bapa, jeusi, lenye doa jeupe. "Jiwe la Mama Neema ni la nne!" waliitana kina mama, na ole wake aliyelisogeza, nimeona kanga zikikazwa kiunoni kwa sababu hiyo. Mara nyingi sukari iliishia kwenye jiwe la pili, tukarudi kunywa chai kwa kutafuna muwa pembeni. Unga ulikuwa wa njano. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Machungwa, kwa kuwa ni Muheza, tulikula mpaka midomo ikawasha. Na mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo baba, aliyekuwa karani wa mizani pale shambani, alikuwa na wimbo wake kila jioni: "Soma, Neema, kabla jua halijatutoroka."

Nyumba yenyewe ilikuwa kituko. Katikati ya mkonge uliopangwa mistari kama wanafunzi wa paredi, lilisimama jumba refu jembamba la mawe, ghorofa nne kwenda juu, na kuta nene kiasi kwamba mtoto aliweza kujinyoosha kwenye upana wake. Madirisha yalikuwa madogo. Kwenye pembe mbili za juu kulikuwa na vibanda vya mviringo vilivyoning'inia nje ya ukuta kama viota vya nyigu. Ndani, ngazi ya mawe ilipanda ikijizungusha kama ganda la konokono. Kwa kombolela hapajawahi kuwa na mahali bora: unamsikia anayekutafuta, humwoni, naye hakuoni, mpaka pua zenu zinagongana. Na kila chumba kilikuwa na mahali pa kuotea moto. Muheza! Mahali ambapo watu hulala sakafuni kutafuta ubaridi! Kuku wa dereva wa trekta walitagia humo, kwa hiyo siwezi kusema kazi ile ilikuwa ya bure.

Aliyeijenga alikuwa meneja wa shamba wakati wa Mwingereza, lakini mwenyewe alikuwa mtu wa Uskoti. Jina lake halisi halikukumbukwa na yeyote. Siku moja ya sikukuu ya kwao alitoka nje amevaa sketi ya mirabaraba na soksi ndefu, akapuliza mfuko uliolia kama mbuzi anayekataa kamba, na tangu siku hiyo akawa Bwana Sketi mpaka anaondoka. Katika makaratasi niliyopewa ya kazi nimesoma kwamba huko kwao, wakubwa wa zamani walijenga nyumba za namna hii kwa kuwaogopa majirani. Ng'ombe walilala chini, watu wakalala juu. Ngazi ilizungukia kulia ili adui anayepanda, mkono wake wa upanga ubanwe na ukuta. Mlango ulikuwa mmoja tu, mfupi, ili yeyote atakayeingia kwa nguvu atangulize kichwa. Bwana Sketi hakuwa na adui Muheza isipokuwa mbu. Nadhani aliikumbuka nyumba ya kwao, basi, kama mimi ninavyoikumbuka hii.

Lakini michoro ilikuwa yake, mikono ilikuwa ya mafundi wa pwani. Mkuu wao aliitwa Fundi Hamadi, mtu wa Mtang'ata. Yeye ndiye aliyechoma chokaa, akaleta mawe ya matumbawe kutoka pwani kwa magari ya ng'ombe. Bwana alitaka ukumbi mpana wa kuchezea ngoma za kwao. Fundi Hamadi akamwonyesha boriti ya mkoko: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kwisha maneno. Ndiyo maana vyumba vyote vya jumba lile ni vyembamba kama vya nyumba za kale za Pangani, ila badala ya kupangwa kimoja nyuma ya kingine, vimepandishwa kimoja juu ya kingine. Mgeni kutoka Uskoti akiingia leo atasema ni nyumba ya kwao. Mzee wa Pangani naye akiingia atasema vivyo hivyo.

Sisi hatukujua yote hayo. Tulijua tu kwamba mameneja wa Kizungu waliondoka, shamba likawa la umma, na nyumba ikagawiwa wafanyakazi, kila ghorofa familia yake. Chini kabisa, kwenye chumba chenye dari la kuba, palikuwa jiko la wote na darasa la watu wazima siku za Jumatano. Ghorofa ya kwanza tulikaa sisi, ya juu kabisa akakaa dereva wa trekta na kuku wake. Ghorofa ya katikati ilikuwa ya Bibi Mwanahawa.

Bibi Mwanahawa alikuwa mjane wa seremala wa shamba, na alikuwa binti wa Fundi Hamadi. Alikuwa mtoto wa kubeba maji wakati baba yake anajenga, kwa hiyo aliitazama nyumba ile kama ndugu yake mdogo aliyekua akampita urefu. Kila mwaka kabla ya mvua alitukusanya watoto wote, akatupa chokaa iliyolala majini na mafagio ya makuti, tukapaka kuta. Shirika la umma lililoendesha shamba lilipoleta saruji kuziba nyufa alikasirika. "Ukuta huu unapumua, wanangu. Mnauziba pua." Mwaka uliofuata, palipozibwa kwa saruji pakatoka jasho na ukungu wa kijani, naye akawa anapita pale mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika.

Chumba chake kilikuwa na dirisha linalotazama magharibi, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mnene, ndani ya dirisha palichongwa viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Hapo ndipo jua lilipochelewa kuondoka kuliko mahali popote shambani. Kimoja alikaa yeye akisuka ukili. Kingine alinipa mimi. Kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, kila jioni, nilisomea pale. Hakuwahi kuniuliza nitakaa mpaka saa ngapi. Alikuwa akimenya chungwa ganda lote likatoka kamba moja, akanipa nusu, akaendelea na ukili wake. Nikisoma kwa sauti alisikiliza. Nikinyamaza alisema, "Mbona umelala?" Mama alinikumbusha kila siku: "Ukiteremka, umwambie asante. Mtu kakupa jua lake, nawe hukumpa kitu." Nilisema asante, lakini nilisema kama watoto wanavyosema, nikiwa tayari ngazini.

Sasa jiwe. Juu ya mlango ule mfupi kulikuwa na jiwe refu, na juu yake herufi tano za Kirumi zimechongwa vizuri: A, M, A, N, I. Kila aliyejua kusoma alisoma AMANI, na shamba zima likaiita Nyumba ya Amani. Bibi Mwanahawa peke yake ndiye aliyekataa.

"Pale pameandikwa inama," alisema.

"Bibi! Ni amani!"

"Inama. Baba kaandika mwenyewe. Watumishi walikuwa wanagonga vichwa, masahani yanavunjika, Bwana akachoka. Akampa baba karatasi tano, kila moja na herufi yake, moja juu ya mwenzake. Akamwambia, zipange kwenye jiwe, inama."

"Na Bwana alisemaje alipoliona?"

"Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema, liache, liache hivyo hivyo. Baba karudi nyumbani na furaha, kazi imempendeza Bwana."

Sisi tulitazamana tukabana vicheko. Tulijua Bibi hajui herufi za Kirumi. Msahafu aliusoma kama maji, lakini gazeti kwake lilikuwa karatasi ya kufungia dagaa. Tukaona ni uzee.

Basi ikaja ile siku ambayo nimeibeba mpaka leo. Afisa elimu alikuja kukagua kisomo cha watu wazima. Mwalimu, kwa kutaka kuonyesha maendeleo, akawatoa wanafunzi wake nje, akina mama kwa akina baba, akawapanga mbele ya mlango wasome neno la kwenye jiwe. Nadhani aliona ni neno rahisi na zuri. Watoto tulijaa mbele kama kawaida. Wa kwanza kuitwa alikuwa Bibi Mwanahawa, kwa heshima ya umri wake.

Alilitazama jiwe, akamtazama afisa, akasema kwa utulivu, "Inama."

Watu wakaguna. Afisa akatabasamu. "Bibi, soma herufi, usiniamrishe."

"Ndilo neno lenyewe, mwanangu. Inama."

Kicheko kilipasuka. Na mimi, mtoto wa miaka minane niliyekuwa nasomea kwenye dirisha la bibi yule kila jioni, nikaruka juu nikapiga kelele kwa sauti yangu yote: "A-ma-ni! Imeandikwa amani!" Wakanipigia makofi. Afisa akanishika kichwa, akatoa penseli mfukoni, penseli nzima, haijachongwa, miaka ile ambayo tuligawana penseli moja kwa kuikata vipande vitatu, akanipa. Kisha akageuka, bado anacheka, akaingia ndani. Paji la uso likakutana na jiwe, tukasikia sauti kama dafu linapotua chini.

"Si nilimwambia?" alisema Bibi Mwanahawa, bila kumwambia yeyote hasa.

Watu wakacheka tena, mara hii chini chini kwa kumwogopa afisa, na mambo yakaisha hapo. Ila Bibi hakurudi darasani. Jumatano zote zilizofuata alikaa dirishani na ukili wake. Mimi jioni ile nilipanda ngazi nikidhani nitafukuzwa. Alisogeza ukili, akanipisha kitini pangu. Aliitazama penseli, akaniambia, "Itunze. Usiitafune." Hakusema zaidi, wala siku ile wala nyingine. Angenigombeza ningesahau zamani.

Miaka ikaenda. Kamba za nailoni zikaua soko la mkonge, wafanyakazi wakapunguzwa, baba akiwemo. Tukahamia Tanga mjini, Chumbageni, akafungua genge. Bibi Mwanahawa akachukuliwa na binti yake aliyekaa mtaa wa Mabawa, huko huko mjini. Nyumba ikabaki na popo. Kisha ukaja wakati wa kila kitu kuuzwa na kununuliwa, na mfanyabiashara mmoja wa mjini, Bwana Karimu, akainunua. Siwezi kumsema vibaya. Angeweza kuibomoa auze mawe. Badala yake alileta mafundi wazee waliobandua saruji yote, wakachoma chokaa kama zamani, wakapaka upya, na kuta zikaacha kutoka jasho. Nilipomwendea na shahada yangu kuomba kazi yoyote, akasikia kwamba nimekulia humo, akaniajiri kwa miezi mitatu. "Utaniandikia historia," alisema. "Na ueleze vizuri kwamba yule Mzungu aliipenda nchi yetu, ndiyo maana akaiita Amani. Wageni watapenda." Tayari alikuwa ameagiza karatasi za barua zenye jina hilo, na mashuka, na vikombe. Huku ananieleza alikuwa akijipapasa paji la uso, ambapo palikuwa na uvimbe mpya juu ya uvimbe wa zamani.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango na daftari langu wakati fundi wa rangi alipopanda kuzijaza zile herufi rangi nyeusi, maana zilikuwa zimefifia. Upande wa kushoto mafundi wengine walikuwa wamerundika mchanga, kwa hiyo akaegemeza ngazi yake kulia, akaanzia huko. Mimi nilikuwa naandika jambo jingine, nikawa nainua macho mara moja moja. Niliinua nikaona I. Nikaandika. Nikainua nikaona N pembeni yake. Kisha A. Kisha M. Kabla hajafika kwenye ya mwisho mkono wangu ulikuwa umeacha kuandika.

I, N, A, M, A.

Nilikaa chini pale pale kwenye kifusi, kama Bwana Sketi alivyokaa, ila mimi sikucheka. Karatasi tano, moja juu ya mwenzake. Fundi Hamadi alichukua ya kwanza na kuiweka pale ambapo neno huanza. Na kwa mtu aliyefundishwa kuandika kwenye chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, neno huanza kulia.

Bibi Mwanahawa alikuwa sahihi miaka yote ile. Tulimcheka mtu pekee aliyekuwa akijua jiwe linasema nini. Na mimi nikapewa penseli.

Ndipo usingizi uliponiacha. Kwanza nilijiambia, labda ni bahati tu ya herufi. Halafu nikaukumbuka mlango mfupi, na masahani, na kicheko cha Bwana. Si bahati. Kisha nikawaza kumwendea Bibi nimwombe radhi, nikakwama hapo hapo: nikimweleza jinsi alivyokuwa sahihi, itanibidi nimweleze pia kwa nini Bwana alicheka. Mzee wake alirudi nyumbani na furaha siku ile. Bibi ameishi na furaha ile miaka yote, na mimi, mwenye shahada, niende nikaizime? Je, nimwache na heshima ya baba yake na aibu yake mwenyewe, au nimwondolee aibu nimvunjie heshima? Na Bwana Karimu na vikombe vyake je? Niliandika mstari wa kumi mara kumi na nne. Mara saba ulisema amani, mara saba ulisema inama. Mama akaniona asubuhi ya siku ya nne ninachovya mkate kwenye maji ya kunawia, akasema, "Neema, liulize jambo kwa mwenyewe. Usiliulize dari."

Nikaenda Mabawa.

Nilimkuta ameketi kwenye baraza ya nyuma, amepungua mwili, mikono bado inasuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani wewe? Sogea kwenye jua."

"Neema, Bibi. Wa ghorofa ya chini yako."

"Neema wa penseli!" Alicheka akikohoa. "Uliitafuna?"

"Sikuitafuna, Bibi. Nimekuja kwa ajili ya hiyo penseli." Nikamwambia yote bila kupumua, nikichora mchangani kwa kidole, herufi moja moja, kuanzia kulia, kisha nikakipitisha kidole chake mwenyewe juu ya herufi hizo. Nikamwomba radhi. Nikafika mahali pa baba yake. Nikasema, "Kwa herufi zile, Bibi, huanzia kushoto. Kwa hiyo mzee… mzee alikosea kidogo. Ndiyo maana Bwana alicheka."

Vidole vyake viliacha kusuka. Nikaona nimefanya lile nililoliogopa. Kisha akauweka ukili pajani.

"Kakosea wapi?" aliuliza. "Yeye kaanzia kulia. Ninyi ndio mnaoanzia kushoto."

Nikazitazama tena herufi za mchangani.

"Bwana kaandika kwa Kiswahili ili sisi tusome," akaendelea, "na sisi wakati ule tulikuwa tukisoma hivi." Alipitisha kidole hewani, kutoka kulia. "Kosa la baba liko wapi hapo? Mgeni kacheka kwa lugha yake, baba kafurahi kwa lugha yake. Wewe ndiye uliyekonda. Kula chungwa."

Nilikula. Ganda lilitoka kamba moja. Nililia kidogo, nikasingizia maji ya chungwa.

Kutoka pale sikurudi nyumbani, kwa sababu najijua, ningefika nyumbani ningeanza kuwaza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mchora vibao mjini, nikampa mistari kumi bila kumwonyesha Bwana Karimu. Wa kumi unasema hivi: "Jiwe la mlangoni lilichongwa na Fundi Hamadi wa Mtang'ata, naye aliandika kuanzia kulia, lisome hivyo kabla hujaingia." Mchora vibao alipouliza kama anisomee tena, nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Bwana Karimu alikisoma kibao siku ya kukishikiza. Alisoma, akatazama jiwe, akasogeza midomo akihesabu herufi kutoka kulia. Mkono ukapanda wenyewe kwenye paji la uso. "Mara sita," alisema polepole. "Mara sita nimejigonga, na lilikuwa linaniambia." Halafu akakumbuka vikombe, akanigeukia. "Ungeniuliza kwanza, binti." Nikasema, "Kweli, ningekuuliza." Alimwita fundi, akamwambia akipigilie kibao misumari. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na kama utaongezwa sijui. Nashangaa kwamba usiku nalala.

Nyumba sasa ina umeme hadi kwenye vile vibanda vya nyigu. Sukari inawekwa mezani kwenye bakuli, mgeni anachota anavyotaka, na mdogo wangu nilipompeleka aliona hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ngazini hapachezwi tena kombolela. Pamewekwa kamba ya kushikia, ya nailoni. Kwenye viti vya dirishani wameweka mito mizuri, na jua bado linachelewa pale pale, ila hakuna anayeliwahi, maana taa huwashwa mapema. Siutamani ule ukata. Sitaki mtu yeyote afue kwa majani ya mpapai ili mimi nipate cha kukumbuka. Ila sijaona tena mtu anayempisha mtoto wa jirani kwenye jua lake miaka saba bila kumuuliza atatoka lini.

Jumamosi nilimleta Bibi Mwanahawa. Alishuka kwenye gari taratibu, akaugusa ukuta kwa kiganja kama anayepima homa, akaridhika. Tukasimama mbele ya mlango. Wageni wawili watatu walikuwa nyuma yetu wakingoja kupita, na Bwana Karimu alikuwa ndani, anatutazama.

"Soma," Bibi akaniambia.

Nikanyoosha kidole, nikaanzia kulia, kwa sauti yangu yote kama siku ile. "I-na-ma."

"Ehee," alisema, akanishika mkono. "Basi inama, mjukuu wangu, tupite."

Tukainama, tukaingia.